Barua ya wazi kwa bodi ya mbwa wasaidizi: usonji hauishii utotoni

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Nakala: Mkuu wa Mafunzo

YAH: KUONDOLEWA KWA MWANANGU KWENYE ORODHA YA KUSUBIRI MBWA MSAIDIZI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa kijana wa miaka 13 mwenye usonji. Ninyi ndio mnaoongoza shirika tuliloliomba litufundishie mbwa wa kumsaidia. Faili letu mnalo. Ndani yake kuna fomu tatu, barua ya daktari, barua ya mwalimu wake, na video ya dakika 20 mliyotutaka tuipige nyumbani ili muone milango, ngazi na uzio. Zimo pia barua zangu nne za malalamiko, kama hazijatupwa. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Hii ni ya tano, na nimeamua isomwe na kila anayetaka kuisoma, kwa sababu najua kuna wazazi wengine wenye barua kama zangu na wamenyamaza wakidhani wako peke yao.

Tulipoleta maombi, mwanangu alikuwa na miaka 8. Wakati ule hofu yetu kubwa ilikuwa kuchomoka. Ukimwachia mkono sekunde chache tu, hayupo. Hageuki nyuma, hasikii akiitwa jina, haogopi gari. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua kwamba wengi wao wakichomoka huvutwa na maji, na anajua kwa nini tunalala na funguo shingoni.

Fomu yenu ilisema mbwa hupewa watoto wa miaka 4 hadi 12. Nililiona hilo na sitadai kwamba lilifichwa. Siku ya usaili nilimuuliza ofisa wenu umri unahesabiwa lini. Akanijibu kwamba unahesabiwa siku maombi yanapopokelewa, na kwamba kusubiri ni miaka 2 hadi 3, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Nikamwamini. Mwaka wa tatu nikapiga simu, nikaambiwa "mko karibu." Mwanangu alipolisikia neno hilo alichagua kamba ya mbwa, ya rangi ya kijani, akaitundika nyuma ya mlango wa chumba chake. Mwaka wa nne nikapigwa danadana, huyu ananituma kwa yule, yule yuko likizo. Wiki mbili baada ya yeye kutimiza miaka 13 ikaja barua ya mistari mitatu: mwombaji amevuka umri, jina limeondolewa, tunawatakia kila la heri.

Haya ndiyo ninayolalamikia.

1. Kikomo cha umri kinapingana na kazi yenyewe ya mbwa.

Ninyi ni wataalamu, lakini niruhusuni niwakumbushe kazi hii inavyokwenda, kwa sababu wasomaji wengine hawaijui. Mbwa anapopewa mtoto mdogo mwenye usonji, wanaofanya kazi pamoja ni watatu: mbwa, mtoto na mtu mzima. Amri anatoa mzazi, na kamba anashika mzazi. Mtoto hushika mpini uliofungwa kwenye fulana ya mbwa, na katika mashirika mengine huunganishwa naye kwa mkanda, ili akitaka kukimbia mbwa asimame na kumpa mzazi nafasi ya kumfikia. Kwa hiyo mtoto ananufaika na mbwa bila yeye mwenyewe kumwongoza.

Sasa mtazameni kijana wa miaka 13. Amenipita urefu. Mkanda wa kumzuia hauna maana tena kwake, na sitaki mbwa yeyote aburutwe na mtu wa uzito wake. Anachohitaji leo ni kingine. Anapozidiwa na kelele hujipiga paji la uso kwa ngumi. Mbwa aliyefundishwa huja akaingiza pua kati ya mkono na uso, au akaweka kichwa mapajani, na mnyororo wa mapigo ukakatika. Akilala chini kwa kuzidiwa, mbwa hujilaza juu ya miguu au kifua chake, na ule uzito wenyewe humtuliza. Nyumbani tunafanya hivyo kwa blanketi zito, ila blanketi halitembei naye mtaani. Kwenye ukumbi uliojaa watu, mbwa anaweza kufundishwa kumwongoza hadi mlango wa kutokea. Hizi ni kazi za kufundishwa, mnazifundisha kila siku.

Na zaidi ya yote, kijana huyu anaweza kumwongoza mbwa mwenyewe. Anajua amri, anapenda ratiba, hasahau saa ya kulisha. Mambo yaleyale yanayomfanya aonekane mgumu shuleni, yaani kurudia neno lilelile kwa sauti ileile na kukasirika utaratibu ukibadilika, ndiyo mbwa anayotaka kwa mwongozaji wake. Angeweza kuanza kutoka nje bila mimi kumshika bega. Mtoto wa miaka 5 hawezi kufika hapo kwa mbwa yeyote duniani. Mmefunga mlango hasa pale ambapo mbwa angeanza kumpa mtu uhuru wake.

Mnajua pia kwamba faida hii si hisia za wazazi peke yake. Utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa 2010 uliwafuatilia watoto 42 wenye usonji na kupima kortisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao. Kabla ya mbwa, kortisoli ilipanda kwa asilimia 58 baada ya mtoto kuamka asubuhi. Mbwa alipokuwapo nyumbani ongezeko lilishuka hadi asilimia 10. Mbwa walipoondolewa kwa muda, likarudi hadi asilimia 48. Niliposoma tarakimu hizo nilimkumbuka mwanangu saa kumi na mbili asubuhi, ameketi ukingoni mwa kitanda, masikio ameyaziba, na bado hakuna aliyesema neno.

2. Kanuni hii inawaumiza hata wale mliokwisha kuwapa.

Mbwa huanza kazi akiwa na miaka 2 hivi na hupumzishwa akiwa na miaka 8 hadi 10. Mtoto aliyepewa mbwa akiwa na miaka 7 atakuwa na miaka 13 hadi 15 mbwa huyo anapostaafu. Kwa kanuni yenu hawezi kupata wa pili. Maana yake mnamzoesha mtu kutoka nje na mwenzake kila siku ya utoto wake, kisha katikati ya balehe, wakati ambao kwa wengi wenye usonji ndio mgumu kuliko yote, mnamwambia basi. Sijui kama hili lilipata kujadiliwa mezani kwenu. Nimeongea na mama mmoja ambaye mbwa wa binti yake anaanza kuwa na mvi mdomoni, na hajathubutu kumwambia bintiye kitu.

3. Tumeambiwa tujifundishie wenyewe, kisha mlango wa tathmini ukafungwa.

Nilipopiga simu baada ya ile barua, nilishauriwa tutafute mtoto wa mbwa tumfundishe wenyewe. Ushauri huo si mbaya kwa asili yake. Marekani, kwa mfano, sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya 1990 haimlazimishi mtu kupitia shirika. Mwenye ulemavu anaweza kumfundisha mbwa wake mwenyewe, na mhudumu wa duka au hoteli, kazi ya mbwa isipoonekana wazi, ana ruhusa ya kuuliza mambo mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani? Lakini hapa tulipo milango hufunguka kwa kitambulisho mnachotoa ninyi, na ninyi mnampima tu mbwa mliyemlea ninyi. Basi nimfundishe mbwa miaka miwili, kisha niende naye wapi?

Na ukubwa wa kazi ya kumfundisha siogopi kuupima. Kiwango cha chini kinachotajwa na chama cha kimataifa cha watumiaji wa mbwa wasaidizi ni saa 120 za mafunzo ndani ya miezi isiyopungua 6, na saa 30 kati ya hizo ziwe nje, mahali pa watu. Hicho ndicho cha chini. Mbwa lazima apite kando ya chakula kilichoanguka bila kukigusa, asibweke, asinuse watu, asijisaidie ndani, asishtuke mlango ukibamizwa, alale chini ya kiti saa nzima huku kijana wetu anapiga kelele juu yake. Hayo ni ya kila mbwa msaidizi. Kwa usonji kuna la ziada: mbwa lazima auone mlipuko wa mtu aliyezidiwa, asiuogope, na ausogelee. Mbwa wengi wazuri hurudi nyuma mtu anapopiga kelele na kurusha mikono. Hilo si kosa lao, ni tabia yao ya kuzaliwa. Ndiyo maana kuchagua mtoto wa mbwa ni kazi ya jicho lililozoea, na mimi jicho hilo sina. Ninyi mnalo.

Hapa kuna jambo linaloniuma ambalo huenda mtu asiye na mtoto kama wangu hataliona. Familia nyingine ikijaribu mbwa akashindwa mafunzo, humtafutia mwingine. Mwanangu akishampa mbwa jina, huyo ndiye mbwa. Mbwa huyo akigundulika ana woga akiwa na miezi 14, sitaweza kumwondoa na kuleta mwingine kama ninayebadilisha viatu. Tutabaki na mbwa asiyeweza kutoka nje na kijana asiyetaka kutoka bila yeye. Kutuambia tujaribu wenyewe bila mkufunzi wenu kutuongoza ni kutubebesha hatari hiyo yote peke yetu.

4. Mwanangu hakuulizwa.

Usaili wetu ulichukua saa moja na nusu na mwanangu alikuwamo chumbani muda wote. Maneno ya mdomo anayo machache. Anaandika kwenye kishikwambi chake na sauti inasoma. Katikati ya mazungumzo aliandika: "Mbwa atalala wapi?" Ofisa wenu akasema "baadaye" bila kugeuka, akaendelea kuniuliza mimi kama mtoto wangu hupenda wanyama. Mwanangu alikuwa ameketi mita moja kutoka kwake. Hakuna mahali kwenye fomu zote tatu panapouliza mwenye usonji mwenyewe anataka nini, anaogopa nini kwa mbwa, anastahimili manyoya na harufu na mate au la. Mtu anayesumbuliwa na mguso na harufu kuliko watu wengine, mnampangia mnyama wa kuishi naye miaka 8 bila kumuuliza. Ni bahati kwamba yeye anawapenda. Wako watoto ambao kubweka kwa ghafla ni mateso kwao, na mbwa anafaa apelekwe kwa mwingine.

5. Ukimya.

Barua nne. Simu nimeacha kuzihesabu. Hata "tumepokea" sikuandikiwa.

Najua majibu mtakayotoa, kwa sababu nimeyasikia vipande vipande kwenye simu, na nataka niyajibu mapema ili tusipoteze tena miezi.

Mtasema mbwa ni wachache. Kweli. Kumlea mmoja huanza kwa familia ya kujitolea inayomchukua akiwa na wiki 8 hivi, ikamtunza zaidi ya mwaka, kisha miezi kadhaa ya mkufunzi, na bado wengi huishia njiani kwa sababu ya ubovu wa nyonga, mzio au woga. Nawaheshimu mno walezi wale wanaompenda mbwa mwaka mzima kisha wakamkabidhi mtu mwingine. Lakini uchache ni sababu ya foleni yenye haki na iliyo wazi. Hauwezi kuwa sababu ya kumwacha mtu asimame kwenye foleni miaka 5 kisha mkamtoa kwa kosa la kukua mlipokuwa mkimsubirisha. Kuchelewa kulikuwa kwenu. Umri ni matokeo yake.

Mtasema kijana mkubwa anaweza kumuumiza mbwa. Nalichukua hili kwa uzito, maana mbwa naye ni kiumbe. Utafiti wa Kristen Burrows na wenzake wa 2008, uliofuatilia mbwa walioishi na watoto wenye usonji, ulionya kuwa mbwa hawa huchoka, huhitaji muda wa kupumzika na kucheza bila fulana ya kazi, na mtoto anaweza kuwaumiza bila kukusudia. Ila maonyo hayo yalitokana na watoto, na watoto ndio mnaowapa. Mtoto wa miaka 5 huvuta masikio na hajui kwamba yanauma. Wangu anajua. Njooni mumpime. Mkimwona na mkaridhika kwamba hafai, mniambie kwa sababu zenu na nitazipokea. Nisichokubali ni tarehe ya kuzaliwa kufanya kazi ya mkufunzi.

Mtasema wafadhili wametoa fedha kwa ajili ya watoto wadogo. Inawezekana. Picha ya mtoto mdogo na mbwa inamgusa mtu, na picha ya kijana mrefu mwenye ndevu zinazoanza kuota anayetikisa mikono haimgusi vivyo hivyo. Lakini wafadhili wengi hawajui kwamba kikomo hiki kipo, kwa kuwa hamkiweki mbele yao. Waambieni, kisha muone watasema nini.

Na mtasema hakuna sheria inayowalazimisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa 2006, katika ibara ya 20 unazitaka serikali kurahisisha upatikanaji wa vifaa bora vya kujongea na wa misaada inayotolewa na viumbe hai. Ninyi si serikali, najua. Ila ninyi ndio mlioshika mlango ambao ibara ile inauzungumzia, na hakuna mahali ilipoandikwa kwamba haki hiyo inakoma mtu akivuka miaka 12.

Ninachoomba hakihitaji mkutano mkuu.

Mrudisheni mwanangu kwenye orodha kwa tarehe ya maombi yake ya kwanza, pamoja na kila kijana mliyemwondoa kwa umri alipokuwa akisubiri. Sitaki nafasi ya upendeleo. Kama kuna waliotangulia kabla yetu, watangulie.

Ondoeni kikomo cha umri na badala yake mpime mtu mmoja mmoja: mahitaji yake, mazingira yake, tabia yake kwa wanyama, na nani atamwongoza mbwa. Watu wazima wenye usonji wamo ndani ya ombi hili. Wengine wanaishi peke yao na hawana mama wa kuwaandikia barua, na wengi wao wangewaandikia wenyewe vizuri kuliko mimi kama fomu yenu ingewaruhusu kujaza.

Familia ambazo mmezikosesha nafasi na zinataka kumfundisha mbwa zenyewe, zipeni mkufunzi wa kuzisaidia kuchagua mtoto wa mbwa na kuzifuatilia, na mwisho mumpime mbwa huyo kwa mtihani uleule mnaowapa wenu. Akifaulu apewe kitambulisho. Akishindwa, ameshindwa. Mkitaka kuanza na familia mbili au tatu kwa majaribio, hata hilo ni mwanzo nitakaoukubali.

Kila mwombaji aandikiwe mara moja kila miezi 6 yuko wapi kwenye orodha, na kanuni ya umri, kama mtabaki nayo kwa sababu nisiyoijua, iandikwe kwa maneno yasiyo na njia mbili: inahesabiwa lini.

Na kwenye usaili, mwenye usonji aulizwe, kwa njia yoyote anayoweza kujibu, na apewe muda wa kujibu.

Nawapa siku 30 tangu leo. Nikijibiwa, nitalichapisha jibu lenu lote, neno kwa neno, hata kama ni la kukataa, ili wazazi wengine walijue. Nisipojibiwa, nitaipeleka barua hii kwa wale wanaowafadhili na kwa mamlaka iliyowasajili, nikiambatisha nakala za barua zangu nne na ile yenu ya mistari mitatu.

Waheshimiwa, sikuandika haya kuwavunjia heshima. Nimewaona wakufunzi wenu wakifanya kazi. Nilimwona mmoja amepiga magoti kwenye matope akimsubiri mbwa mwoga avuke daraja dogo, dakika arobaini, bila kumvuta kamba hata mara moja. Watu wenye subira ya namna hiyo kwa mbwa wanastahili bodi yenye subira hiyo kwa watu.

Mkiamua kuja kumpima, njooni baada ya saa tisa mchana, akiwa amerudi shule na amepumzika, na mumjulishe siku mbili kabla kwa sababu ugeni wa ghafla humchanganya. Semeni naye moja kwa moja. Swali lake la kwanza mnalijua.

Wenu katika kusubiri,
Mama wa mwombaji mliyemwondoa